Nilimwomba Mungu Hadi Pentekoste

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi. Mtu wa bondeni akitaka kututania atakwambia Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Huwa nacheka pamoja na wanaocheka. Lakini Pasaka ile nilifungua kesi yangu mwenyewe, na niliyemshitaki hakuwa jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Nilimshitaki Mungu, na shauri lenyewe lilimhusu mume wangu.

Mume wangu alikuwa na saratani ya koo la chakula. Ilianza na makande. Alikuwa mtu wa makande asubuhi na jioni, na siku moja tukiwa tunapalilia tangawizi akaniambia punje ya mahindi imemkwama kifuani. Akanywa maji, maji nayo yakarudi. Tulidhani ni vidonda vya tumbo. Tulihangaika sana kushuka na kupanda, kutoka huku kwetu milimani hadi Same mjini na joto lake, na tulipofika hospitali kubwa ya Moshi ugonjwa ulikuwa umeshakomaa. Walimtoboa tumbo upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu, wakapitisha mpira wa kumlishia. Wakanifundisha namna ya kuutumia, wakaturudisha nyumbani. Daktari, kijana mpole, aliniambia nje ya mlango kwamba kilichobaki ni kumtunza tu. Nikamwuliza, mpaka lini? Akasema, "Mama, hapo hatuwezi kusema." Nilimchukia kwa jibu hilo, ingawa najua hakuwa na lingine.

Tulifika nyumbani siku chache kabla ya Dominika ya Matawi, na njiani nilikuwa nimeshapanga ombi langu. Sikuomba muujiza. Niliomba hadi Pentekoste. Mume wangu alikuwa msomaji katika kigango chetu, kanisa dogo la kijiji, tangu ujana wake, nami nikawa msomaji baada ya kuolewa, na majira aliyoyapenda kuliko yote ni Pasaka, yale majuma saba ambayo mshumaa mkubwa unawaka kando ya mimbari, na somo la kwanza linatoka Matendo ya Mitume badala ya Agano la Kale. Alikuwa akisema majira mengine unasoma habari za watu waliokwisha kufa zamani, lakini Pasaka unasoma habari za watu ambao ndiyo kwanza wanaanza. Basi nikamwambia Mungu, mwache ayamalize haya masomo, ndipo umchukue. Niliona ni ombi la kiasi, ombi ambalo hata hakimu mkali angelikubali.

Jumuiya yetu ndogo hukutana kila Alhamisi alasiri, nyumba hii leo, nyumba ile juma lijalo, kusoma Injili ya Dominika inayokuja na kuitafakari. Pasaka ile walikubaliana, bila hata kutuuliza, kwamba watakuja kwetu kila juma ili mgonjwa asikose. Walikuja na matope ya masika miguuni, wakavua viatu vyao barazani, wakajaa sebuleni, wanaume kwenye viti na sisi wanawake kwenye mkeka. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha mkono, mto mgongoni, Biblia mapajani. Ndiye aliyekuwa akisoma. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, lakini hakuna aliyethubutu kumpokonya kazi hiyo.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa ya Tomaso. Mwenyekiti wa jumuiya, mama kijana mwenye duka la pembejeo, akaanza kutuasa tusiwe kama Tomaso, tuamini bila kuona. Kila mwaka husemwa hivyo hivyo, na kila mwaka huwa naitikia kwa kichwa. Lakini siku hiyo nilikuwa nimetoka kumlisha mume wangu. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni, nimefunua shati lake, nimegusa palepale ubavuni penye tundu, nimesafisha, kisha nimesukuma uji mwepesi kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, huku namtazama usoni kama anaumia. Nikajikuta nasema, tena kwa sauti ya ugomvi, "Tomaso mwacheni. Yule hakuwa na imani haba, yule alikuwa amefiwa. Mtu wake amechomwa mkuki yeye hayupo. Anataka aweke mkono pale palipoumia. Mimi naweka mkono hapo kila siku, na sioni dhambi yake."

Mwenyekiti akafunika kitabu chake cha nyimbo, akakifunua tena. Mume wangu akakohoa, akasema, "Huyo ndiye mke wangu. Ngojeni siku tutakapofika kwa Petro." Watu wakacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili, nami nikacheka nikiwa bado nimekasirika.

Baada ya sala nililazimika kuleta chai. Nilitaka kuiacha, kwa sababu ningewezaje kuwapakulia watu magimbi na chai ya maziwa mbele ya mtu asiyeweza kumeza hata mate yake? Ni yeye aliyekataa. "Usiwanyime watu chai kwa ajili yangu," alisema. Na siku nyingine alinituma nipike makande yenye nazi, si kwa ajili ya yeyote, ila nyumba inukie. Nilipika. Alifumba macho, akavuta pumzi kwa pua, na mimi nilitoka nikaenda bandani kwa ng'ombe nikakaa huko mpaka uso ulipokauka.

Ndipo nilipoligundua jambo ambalo katika kusoma kwangu kote sikuwahi kuliona. Bwana aliyefufuka anakula kila mahali. Anamega mkate Emau. Anauliza wana chakula gani, wanampa samaki wa kuokwa, anakula mbele yao. Anawapikia ufukweni. Yaani ndiyo alama kwamba ni mzima, si kivuli. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba jambo hilo linaniuma, na kwamba angeweza kuchagua alama nyingine.

Alhamisi ya Emau mvua ilinyesha tangu asubuhi na ukungu ukashuka mpaka kwenye migomba. Siku hiyo tulikuwa na mgeni. Rafiki wa mume wangu kutoka Same, Mwislamu, mfanyabiashara aliyenunua tangawizi yetu kwa miaka mingi, alipanda kumjulia hali nyuma ya bodaboda, kanzu imekunjwa ndani ya koti la mvua, mkononi mfuko wa machungwa. Hakuwa amejua kwamba rafiki yake hawezi tena kumeza. Nilipomweleza alibaki ameushika mfuko ule hajui aufiche wapi. Nikamwambia, "Lete, shemeji. Nitayakamua na kuyachuja, yatapita kwenye mpira." Akanipa bila kunitazama.

Wanajumuiya walipoanza kuingia akataka kuaga. Mume wangu akamshika mkono. "Kaa," akamwambia. "Ni kusoma tu, hatutakubatiza." Akakaa, kofia yake akaiweka gotini.

Mume wangu akasoma habari za wale wawili wanaokwenda Emau wakiwa wamevunjika moyo, na mtu anayeungana nao njiani wasimtambue. Akafika pale wanapokaribia kijijini, na yule mgeni anafanya kama anaendelea na safari, nao wanamsihi akae nao. Wanampa na sababu. Sababu hiyo kwenye Biblia yetu ni neno moja la kizamani: kumekuchwa. Mume wangu akasoma kumekucha.

Tofauti ni herufi moja tu. Kumekuchwa maana yake jua limezama, giza linaingia. Kumekucha maana yake kumepambazuka. Vijana wetu hili la kwanza hawalijui kabisa, kwa hiyo kila somo hili linaporudi kuna atakayelisoma kumekucha, na siku zote aliyemrekebisha alikuwa mume wangu. Hakuwa na huruma katika hilo. "Yaani wanamwomba mgeni abaki kwa kuwa asubuhi imefika?" angeuliza. "Mmeona wapi wenyeji wa namna hiyo?" Msomaji angerudia mstari mzima huku masikio yanamwaka moto.

Sasa amekosea mwenyewe. Nami kwa mazoea tu, kabla sijafikiri, nikasema kutoka mkekani, "Kumekuchwa." Aliinua macho, akaurudia ukurasa, akauweka karibu zaidi. "Kweli," akasema. "Ipo w hapa."

"Lakini si kosa la chapa hilo?" mwenyekiti akauliza. "Mimi kumekucha ndiyo ninayoijua." Mwingine akasema hata yeye, wa tatu akasema kwao husemwa jua limetua na inatosha, na kwa muda Emau ikasahaulika, tukawa tunagombea herufi. Mgeni wetu akainua mkono kidogo kama mwanafunzi. "Samahanini, mimi si wa humu," akasema, "lakini sisi jua likichwa ndipo tunaswali magharibi. Neno lipo. Hata mkisema mchana kutwa, kutwa hiyo ni kuchwa hiyohiyo." Mume wangu alifurahi kama mtu aliyeletewa shahidi mahakamani. "Nimerekebishwa na mke wangu, nikatolewa ushahidi na Mwislamu," akasema. "Paroko asisikie." Akarudia mstari, safari hii vizuri, na w yake ikasikika.

Walicheka wote. Mimi nilichukua machungwa nikaenda jikoni, kwa sababu ni mimi tu niliyejua kosa lile limetoka wapi. Tangu turudi kutoka Moshi hakuwa akipata usingizi. Maumivu yalikuwa yanamzidi gizani, na kila alfajiri, dirisha likiwa bado jeusi, alikuwa akiniuliza, "Mama, kumekucha?" Nami nilimjibu, bado. Baada ya muda anauliza tena, "Kumekucha?" Bado, baba, jaribu kulala. Neno hilo lilikuwa karibu zaidi na mdomo wake kuliko maneno mengine yote aliyoyajua. Nilikamua machungwa ya watu huku nalia, ikabidi niyachuje mara mbili.

Wale wawili wa Emau walipata walichoomba, hilo silikatai. Aliingia, akakaa mezani. Kisha alipomega mkate tu, akatoweka. Miaka yote nilikisoma kisa kile kama kisa cha furaha, nikitabasamu. Watu husema Pasaka ni majira ya kurudi. Masomo yenyewe, ukiyafuata juma kwa juma, ni ya kuaga. Maria bustanini anaambiwa asimshike. Wanafunzi wanamwona chumbani, mara hayupo. Anawaambia anakwenda, anawaambia wasifadhaike, anawaambia ni heri kwao yeye aende, na mwisho wanabaki wanatazama mawingu. Majuma saba ya mtu anayeondoka, na sisi tunavaa nyeupe na kuimba aleluya. Nilimwambia mume wangu hivyo jioni ile. Akafikiri, akasema, "Ndiyo. Lakini anaaga vizuri. Wengine huondoka bila kuaga." Nikainuka kumrekebishia mto, kwa kuwa sikutaka mazungumzo yaelekee huko.

Juma la Mchungaji Mwema sauti yake ikaisha. Ilibaki pumzi yenye maneno ndani yake, na aliyeyasikia maneno hayo ni mimi peke yangu. Hata binti yetu, aliyekuja kutoka Dodoma kunisaidia, alikuwa ananitazama nimtafsirie baba yake. Alhamisi hiyo nilisoma mimi. Injili ilikuwa ile ya zizi, na mwizi anayekwea penginepo badala ya kupita mlangoni, na kondoo wanaoijua sauti. Tafakari haikufika mbali, maana wezi wa mbuzi walikuwa wamepita kijijini juma lile, na kila mtu alikuwa na la kusema juu ya mabanda, kufuli na vijana fulani wasio na kazi. Mume wangu akanipungia kidole. Niliinama, nikasikiliza, nikawaambia, "Anasema wafungeni hao mbuzi, mrudi kwenye Injili." Wakacheka, wakarudi kwenye Injili. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwa jumuiya. Yale aliyoniambia mimi siyaandiki.

Walipoondoka nilisimama barazani nikamkumbusha Mungu makubaliano yetu, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa nimekubaliana peke yangu. Nikamwambia bado Kupaa. Bado Pentekoste. Usinidhulumu.

Jumatano iliyofuata mvua ilikatika asubuhi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi tukaiona tambarare yote kule chini, na barabara kuu, na magari madogo madogo yanayokwenda Tanga. Binti yetu alikuwa nje anaanika nguo. Mimi nilikuwa jikoni nachuja uji wa ulezi. Nikaupoza kwa kuumimina kikombe hiki hadi kile, nikadondosha tone mkononi nione joto lake, nikaingia chumbani. "Baba, chakula," nikasema. Alikuwa ameugeuza uso dirishani. Nilijua kabla sijafika kitandani, lakini mikono ilikuwa imeshazoea kazi yake. Ikafunua shati. Ikafungua mpira. Ikavuta uji kwenye bomba. Ndipo nikasimama. Niliurudisha uji kikombeni, nikaufunga mpira vizuri, nikapangusa pale ubavuni kwa kitambaa safi kama kila siku, nikamfunika. Kisha nikamwita binti yetu.

Tulikuwa nusu ya njia tu kwenda Pentekoste.

Siku za msiba sizikumbuki sawasawa. Nakumbuka turubai na viti vya plastiki. Nakumbuka masufuria ya watu wengine jikoni kwangu, na wanawake waliolala nami chini kwenye godoro, na rafiki yake wa Same aliyefika na gunia la mchele, akasimama mlangoni, akasema "shemeji" na kushindwa kuendelea. Tulimzika Jumamosi upande wa juu wa nyumba, penye mibuni, kwenye udongo uliolowa mpaka wachimbaji walikuwa wanateleza. Historia ya marehemu ilisomwa, naambiwa ilisomwa vizuri, ila mvua ilikuwa inapiga turubai na mimi sikusikia hata neno moja.

Jioni hiyo katekista alikuja kukaa nami. Ni mtu mzima, taratibu, anayeogopa kumwudhi mtu. Akanipa pole, akazungukazunguka, mwishoni akasema, "Mama, kesho somo la kwanza zamu ni yako. Nitamweka mtu mwingine." Nikamwambia hapana. Akina mama waliokuwa godoroni wakasema mfiwa hatoki hivyo, kaburi halijakauka, watu watasema nini. Nikawaambia watu waseme wanachotaka, mume wangu hakuwahi kuacha zamu yake kwa sababu yoyote na mimi sitaiacha kwa sababu yake. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na hasira ndiyo iliyokuwa inanisimamisha. Katekista akainuka. "Lakini mama, somo lenyewe," akasema, akasita, akatazama miguu yake. "Haya. Mungu akutie nguvu." Nilidhani ananihurumia tu, na huruma siku hiyo nilikuwa nimeshiba.

Sikulipitia somo. Nani angelipitia? Asubuhi binti yetu alinifunga khanga vizuri, akanishika mkono kwenye utelezi, tukateremka kigangoni. Paroko hakuwepo Dominika hiyo, katekista ndiye aliyeongoza ibada. Watu waligeuka waliponiona, kisha wakatazama mbele haraka. Mshumaa wa Pasaka ulikuwa unawaka mahali pake. Wakati ulipofika nilikwenda mimbarini, nikafungua kitabu penye utepe, nikasema ni somo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, nikaanza.

Ni pale wanafunzi walipokuwa wanazidi kuwa wengi, na manung'uniko yakatokea. Nilisoma polepole, kila neno mahali pake, mpaka kwenye sababu ya manung'uniko, na sababu ni kwamba kulikuwa na wanawake waliokuwa wanasahauliwa chakula kinapogawiwa kila siku. Neno lenyewe lilikuwa pale katikati ya mstari. Wajane.

Tangu Jumatano nilikuwa mama, nilikuwa mfiwa, nilikuwa shemeji, nilikuwa dada. Wote waliliepuka lile neno mbele yangu, na lilipotamkwa penye kaburi sikulisikia. Sasa lilikuwa linanisubiri, na wa kulisema ni mimi. Nilisimama kimya mpaka watu wakaanza kujigeuzageuza kwenye mabenchi, na nikamwona katekista ameinama, ameushika uso kwa mikono yote miwili. Nikalisoma. Nikalisoma lote, silabi kwa silabi, likasikika hadi nyuma. Kisha nikaendelea na wale watu saba waliochaguliwa kuhudumu mezani, na mitume waliowawekea mikono, na neno la Mungu lililoenea, nikafika mwisho.

Nikainua uso, nikasema, "Neno la Bwana."

Na kigango kizima, watu walionibebea maji na kuni tangu Jumatano, watu ambao sina shaka kwamba wananipenda, wakajibu kwa sauti moja, kwa kuwa ndivyo linavyojibiwa:

"Tumshukuru Mungu."